Si kila akili bandia inahitaji mvuke wa Olkaria

Leo nimeandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Naivasha. Ukitoka mjini ukafuata barabara inayozunguka ziwa upande wa kusini, ukapita mashamba ya maua mpaka Kamere, utaanza kuona mvuke mweupe ukipanda nyuma ya vilima. Hiyo ndiyo Olkaria. Mwezi Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya, na ndani ya mpango huo kulikuwa na kituo cha data cha kujengwa hapo Olkaria, kitumie stima ya jotoardhi. Kiwango kilichotajwa cha kuanzia kilikuwa megawati 100.

Kwa wasiozoea hesabu za stima, wacha niwape kipimo. Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza mwaka 1981 na mtambo mmoja wa megawati 15. Wa pili ukaja 1982, wa tatu 1985. Jumla megawati 45. Basi hizo kompyuta, kwa kuanzia tu, zingetaka stima zaidi ya mara mbili ya ile iliyotolewa na kituo chote cha kwanza.

Sina ugomvi na kituo cha data. Kikijengwa vizuri, kikaajiri watu wetu na kikalipa kodi, karibu. Ugomvi wangu ni na maneno niliyoanza kuyasikia baada ya tangazo hilo: eti sasa akili bandia imekuja, na asiye na megawati na mamilioni ya dola asijisumbue. Vijana wanaojifunza programu wananiuliza kama bado kuna maana ya kusoma chochote isipokuwa jinsi ya kuita huduma ya kampuni ya ng'ambo na kuilipia. Jameni! Akili bandia ina matawi, na tawi ambalo wengi wamelisahau linatosha kwenye kompyuta kuukuu iliyo mezani kwangu. Linaitwa akili bandia ya mantiki. Nitalitetea, kwa sababu kulisahau kuliwahi kuniaibisha mbele ya mtu mzima.

Ilikuwa hivi. Miaka michache iliyopita chama kimoja cha akiba na mikopo kilinipa kazi ya kuwatengenezea programu ya kupanga maombi ya mikopo. Mwenyekiti alitaka akili bandia, maana alikuwa ametoka kwenye semina. Nikachukua rekodi zao za mikopo ya zamani, nikafundisha modeli, ikawa inatoa alama kati ya 0 na 1. Chini ya alama fulani, ombi linakataliwa. Nilijiona bingwa. Wiki ya tatu akaja mama mmoja anayepakia maua, mwanachama wa siku nyingi, ombi lake limekataliwa. Akaniuliza kwa upole, "Kijana, hiyo mashine yako imeona kosa gani kwangu?"

Nikafungua kompyuta. Alama yake ilikuwa 0.41. Nikatazama namba zile zaidi ya mia mbili zilizozalisha hiyo 0.41, nikatazama tena. Nikamwambia, "Mama, sijui." Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevunja chungu asiyejua amekivunjaje.

Nikaitupa ile modeli. Nikakaa na kamati ya mikopo jioni nne, tukaandika kanuni zao zote moja moja, nami nikazigeuza kuwa programu ya mantiki. Ombi la yule mama lilipopitishwa humo likakataliwa tena! Lakini safari hii programu ilitoa sababu: kanuni ya 7 inadai akiba ya miezi 12 mfululizo, na kwake kuna pengo la miezi mitatu. Mama akasoma, akacheka. "Hiyo miezi mitatu nilikuwa nimejifungua." Kamati ikanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kwamba kanuni ya 7 inawaadhibu wanaozaa. Wakaibadilisha siku hiyo hiyo, mimi nikaongeza mstari mmoja, naye akapata mkopo wake.

Tafadhali lishike hilo. Kanuni ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa imeandikwa, kwa hiyo mama aliweza kuisoma na kuishinda. Ile 0.41 huenda ilikuwa na ubaya ule ule ndani yake, kwa kuwa ilijifunza kutoka kwa rekodi zile zile. Tofauti ni kwamba hakuna mtu ambaye angeuona.

Sasa turudi Olkaria, kwenye mitambo yenyewe. Mvuke ukitoka kisimani huja umechanganyika na maji ya moto. Hutenganishwa kwanza, kisha mvuke unakwenda kuzungusha turbaini. Turbaini ikipita kasi yake inaweza kuvunjika vipande vipande na kuua watu. Ndiyo maana mitambo ya mvuke popote duniani huwa na mfumo wa kinga. Mpangilio wa kawaida ni huu: unaweka vipima kasi vitatu, na viwili kati ya vitatu vikisema kasi imepita kikomo, vali ya mvuke inafungwa papo hapo. Kwa nini viwili? Kimoja kikiharibika kisizime mtambo bure, na kimoja kikinyamaza kisiachie hatari. Kanuni hiyo fundi anaweza kuisoma, kuijaribu na kuitia sahihi. Mwambie mhandisi aing'oe aweke modeli inayokisia kwamba hatari ni 0.41, uone kama hatakufukuza.

Kwa hiyo chuma tumekilinda kwa kanuni zinazosomeka. Binadamu je? Tunamwachia mashine ya kukisia, tena tunaiita maendeleo.

Wengine mtaniambia hayo ni mambo ya kuweka kama-basi tu, hakuna sayansi hapo. La hasha. Hii ni taaluma iliyokula maisha ya watu. Mwaka 1958 John McCarthy, yule aliyelibuni jina lenyewe la akili bandia, alipendekeza programu ambayo ungeielekeza kwa kuiambia ukweli mpya kwa sentensi za mantiki, nayo ingejitolea hitimisho. Mwaka 1965 Alan Robinson alionyesha kanuni moja ya kukisia matokeo kwa uhakika ambayo kompyuta inaweza kuitumia kuthibitisha hoja. Kisha akaja Robert Kowalski, Mmarekani aliyefanya kazi Edinburgh na baadaye Imperial College, London. Yeye aliona kwamba sentensi ya mantiki inaweza kusomwa kama amri ya kazi: ukitaka kuthibitisha A, thibitisha kwanza B na C. Kutokana na mawazo hayo, mwaka 1972 Alain Colmerauer na wenzake huko Marseille walizaa lugha ya Prolog.

Kazi ya Kowalski ninayoipenda kuliko zote ilichapishwa mwaka 1986. Yeye na wenzake watano walichukua sheria ya Uingereza ya uraia ya mwaka 1981, ile iliyowasumbua watu wengi wa makoloni ya zamani, wakaiandika kama programu ya mantiki. Hawakuifundisha kompyuta kwa mifano ya watu waliokubaliwa na waliokataliwa. Waliiandika sheria yenyewe. Ukiuliza kama fulani ni raia, programu inajibu, na ukiuliza kwa nini, inakuonyesha vifungu vilivyotumika.

Tujaribu la kwetu. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa kama siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Halafu inasema mtoto aliyepatikana Kenya, anayeonekana hajafika miaka minane, ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, atachukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Kwa Prolog:

raia_kwa_kuzaliwa(Mtoto) :-
    mzazi(Mzazi, Mtoto),
    alikuwa_raia_siku_ya_kuzaliwa(Mzazi, Mtoto).

raia_kwa_kuzaliwa(Mtoto) :-
    amepatikana_kenya(Mtoto),
    aonekana_chini_ya_miaka_8(Mtoto),
    uraia_haujulikani(Mtoto),
    wazazi_hawajulikani(Mtoto).

Alama ya :- isome "ikiwa", na mkato usome "na". Basi. Hata shangazi yako asiyejua programu anaweza kukuambia kama nimekosea Katiba. Na tazama kifungu cha pili. Mtoto anachukuliwa kuwa raia kwa kuwa hatujui wazazi wake. Kesho wakijulikana, hitimisho linaweza kubadilika. Mantiki ya kawaida ya darasani haijui kurudi nyuma hivyo: ukishathibitisha, umethibitisha. Ndiyo maana mwaka 1980 McCarthy, na Raymond Reiter wa Kanada kwa njia yake, walichapisha mbinu za kufikiri kwa "ichukuliwe hivyo mpaka tujue vingine". Ndege huruka. Mbuni ni ndege. Mtoto yeyote wa Bonde la Ufa anajua mbuni haruki na wala hachanganyikiwi. Kuifanya kompyuta isichanganyikiwe kulichukua miaka ya watu wenye akili kweli kweli.

Nawasikia wapinzani: hilo tawi lilishindwa! Ni kweli, lilishindwa mahali pengi, na sitaficha. Japani ilianza mradi mkubwa wa kompyuta za mantiki mwaka 1982, ukafungwa mwaka 1992 bila kuibadilisha dunia kama ulivyoahidi. Kanuni za kutambua uso wa mtu kwenye picha hakuna aliyeweza kuziandika zikafaa. Kanuni za kutafsiri mazungumzo ya sokoni nazo hivyo hivyo. Mambo ambayo binadamu mwenyewe huyafanya bila kujua anayafanyaje, huwezi kuyaandika, na hapo modeli zinazojifunza zimeshinda kwa haki. Mimi mwenyewe nazitumia kila siku.

Lakini mkopo, uraia, kipimo cha dawa, fidia ya ardhi, karo ya mwanafunzi: haya si kama kutambua uso. Haya tuliyatunga wenyewe, kwa maneno, kwenye karatasi, mbele ya mashahidi. Kanuni ipo tayari. Kuichukua kanuni iliyoandikwa, kukusanya maelfu ya maamuzi yaliyotokana nayo, kisha kuifundisha mashine ikisie kanuni ilikuwa nini, ni sawa na mtu mwenye ufunguo mfukoni anayeingia nyumbani kwa dirisha. Tena anavunja kioo.

Na wakubwa wenyewe wanajua. Januari 2024 Google DeepMind walionyesha AlphaGeometry, mfumo uliotatua maswali ya jiometri ya mashindano ya kimataifa. Ndani yake modeli ya lugha inapendekeza mstari wa kuchora, na injini ya mantiki ndiyo inayothibitisha. Mmoja anabuni, mwingine anakagua. Sisi tunaambiwa tununue mbunifu peke yake.

Sasa niseme la lugha yetu, kwa sababu hapa ndipo ninapoona nafasi ambayo tunaichezea. Katika miaka ya karibuni Kowalski, mzee sasa, amekuwa akifanya kazi na wenzake juu ya Kiingereza cha mantiki: sentensi za kawaida zilizowekewa mipaka kiasi kwamba kompyuta inazigeuza moja kwa moja kuwa programu, na wakili anazisoma bila mafunzo. Nilipoisoma habari hiyo nikajiuliza, kwa nini tusiwe na Kiswahili cha mantiki? Lugha yetu imejaliwa. Chukua maneno haya: vali ya bomba iliyofungwa. Vali ya bomba lililofungwa. Ya kwanza, iliyofungwa ni vali. Ya pili, lililofungwa ni bomba. Kiingereza kingeandika zote mbili kwa maneno yale yale, halafu wanasheria walipwe kubishana ni kipi kilichofungwa. Ngeli zetu zinafunga mjadala kwa silabi mbili. Si kila mara, maana nomino mbili za ngeli moja zikikaa pamoja utata unarudi, lakini mara nyingi mno.

Na msingi upo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha mwaka 1992 makala ya kuchambua maumbo ya maneno ya Kiswahili kwa kanuni za kompyuta, na akaendelea kwa miaka mingi akijenga mfumo wake wa SALAMA, kanuni juu ya kanuni, bila megawati zozote. Mfini! Na karibu zaidi na nyumbani, Mganda Joan Byamugisha alifanya tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, 2019, juu ya jambo ambalo ndilo kiini cha hoja yangu: kuchukua maarifa yaliyoandikwa kwa mantiki na kuyageuza kuwa sentensi za Kinyankore zinazosomeka. Mwingereza anaweza kutumia kiolezo kimoja kwa kila kitu. Sisi Wabantu hatuwezi. Kwa Kiswahili, kila daktari ana angalau mgonjwa mmoja, kila kituo kina angalau kitanda kimoja, kila bomba lina angalau vali moja. Maana ya kimantiki ni ile ile, lakini ana, kina, lina, mmoja, kimoja, moja: lazima programu ijue ngeli. Byamugisha aliionyesha kazi hiyo kwa Kinyankore na akachunguza inavyoweza kuhamia lugha nyingine za Kibantu. Wangapi kati yenu mmewahi kulisikia jina lake? Na wangapi mmesikia jina la kampuni ya kituo cha data?

Kuna sababu ninalisema hili nikiitaja Olkaria na si mahali pengine. Mwaka 2014 familia za Kimaasai kutoka vijiji vinne zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV, zikapelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Malalamiko yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mpaka pakafanyika usuluhishi. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa lilikuwa hili: ni nani aliyestahili kuhesabiwa? Hakuna kompyuta iliyoamua pale, na simlaumu yeyote hapa. Ninachosema ni kwamba watu waliweza kubisha kwa sababu kulikuwa na vigezo vya kubishia. Je, orodha ijayo ikitoka kwenye mashine ya 0.41, mzee wa kijiji atabisha na nini?

Sheria yetu imeanza kuliona. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito, na haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Vizuri. Lakini afisa atauangalia vipi upya uamuzi ambao hakuna anayejua ulitokana na nini? Ataitazama 0.41 kama nilivyoitazama mimi, kisha aseme, "Mama, sijui."

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Ofisi yoyote ya umma inayotaka kompyuta imwamulie mwananchi jambo ambalo tayari lina kanuni zilizoandikwa, iziandike kanuni hizo kwa mantiki, izichapishe kwa Kiswahili, na kila kukataliwa kuje na namba ya kanuni. Vyuo vyetu visifute somo la mantiki kwa kisingizio kwamba limepitwa na wakati. Na wanaotoa fedha za utafiti wa akili bandia Afrika Mashariki watenge fungu kwa kazi za aina ya Byamugisha, ambazo gharama yake ni mishahara ya watu wachache na subira.

Ninyi wasomaji msingoje serikali. SWI-Prolog ni programu huria, ipo tangu 1987, na inafanya kazi kwenye kompyuta ambayo mmekwisha kuipa watoto wachezee. Chukueni kanuni za chama chenu, za kanisa, za msikiti, za timu ya mpira. Ziandikeni. Nawahakikishia kabla hamjafika kanuni ya kumi mtakuwa mmegundua moja inayomwonea mtu, na hakuna aliyekuwa anajua.

Nimemaliza. Anayepinga alete hoja, na aniambie imetoka kwenye kanuni ya ngapi.